TAHADHARI: Ukiletewa imeili ya "tumebadilisha akaunti ya benki", usilipe kwanza!

Wadau naomba mnisikilize, hasa nyie mnaoshika malipo ya ofisi, maana kilichotukuta sisi sitaki kimkute mwingine. Tumelipa invoisi ya mzigo halali, kiasi kile kile tulichokubaliana, ila hela imeishia kwa matapeli.

Ilikuwa hivi. Kuna sapulaya tumefanya naye kazi miaka na miaka, mambo yote tunamalizana kwa imeili. Ijumaa jioni watu wanajiandaa kufunga ofisi ikaingia imeili yake, na wala haikuja kama ujumbe mpya, imekuja kwenye mazungumzo yale yale tuliyokuwa tunaongea kuhusu huo mzigo, chini kuna meseji zetu zote za nyuma, namba ya oda ipo, jina la dada wa uhasibu wao lipo mpaka ile salamu yake tuliyoizoea. Anasema akaunti yao ya zamani iko kwenye ukaguzi hivyo tulipie hii nyingine, tena leo leo mzigo usije ukachelewa. Invoisi nembo ile ile, muhuri ule ule, kilichobadilika ni namba ya akaunti tu. Mwenzangu akalipa, na simlaumu hata kidogo.

Jumatano sapulaya anapiga simu, mbona kimya, malipo vipi? Hapo ndo tukaanza kuchimba. Jina la kampuni yao lina herufi m katikati, sasa kwenye ile imeili hapo pa m palikuwa na r na n zimekaa pamoja. Hebu angalia: rn, m. Kwenye skrini ya simu utaiona saa ngapi? Mimi mwenyewe mpaka nilipoikopi ile anwani nikaikuza ndo nikaiona.

Ila walijuaje mazungumzo yetu? Fundi wetu akaingia kwenye mipangilio ya imeili ya mwenzangu akakuta kuna amri imewekwa, kila ujumbe wenye neno invoisi au malipo nakala yake inaenda kwenye anwani tusiyoijua. Kumbe nyuma huko aliwahi kubofya linki ya "dokumenti" ikamwomba paswedi akaingiza. Walikuwa wanatusoma kimya kimya wakisubiri invoisi kubwa. Na jamani, kubadilisha paswedi peke yake hakuondoi hiyo amri, lazima uitafute uifute.

Msiseme huu ni ujinga wa kampuni ndogo. Google na Facebook kati ya 2013 na 2015 walituma zaidi ya dola milioni 100 kwa jamaa mmoja wa Lithuania aliyefungua kampuni yenye jina sawa na la sapulaya wao wa Taiwan, akawa anawatumia invoisi feki. Alifungwa miaka 5 mwaka 2019, Marekani.

Kwa hiyo mtu akikwambia akaunti imebadilika piga simu, na piga namba uliyokuwa nayo tangu zamani, siyo iliyoandikwa kwenye hiyo imeili maana hiyo atapokea tapeli mwenyewe na atakujibu vizuri tu. Washeni uhakiki wa hatua mbili (yaani mbali na paswedi, imeili inadai uthibitisho wa pili, mfano kodi ya kwenye simu yako) kwenye imeili zote za uhasibu. Na ukigundua umeshalipa, usianze vikao, pigia benki yako dakika hiyo hiyo waombe kuzuia, sisi tumechelewa siku tano na wametuambia kwenye ile akaunti kimebaki kidogo sana. Halafu wameshaanza kutufuata watu wanaojiita wataalamu wa kurudisha hela zilizoibiwa, eti tutangulize ada. Ni wezi pia hao.

Wateja wetu mliopo humu, hatujui hao watu wamesoma imeili ngapi. Akaunti yetu ni ile ile. Ukipata ujumbe wa jina letu unaosema vingine, tupigie kabla hujatuma chochote.