Ndimu au Magadi: Kipi Kifae Jiko la Kigoma?

Jiko la Kigoma lina mambo mawili yanayosumbua usafi, nayo ni harufu ya dagaa na migebuka, na mafuta ya mawese yanayoganda mezani na kwenye vyombo. Ndimu na magadi hupatikana sokoni kwa urahisi, lakini kazi zake hazifanani.

Ndimu ni tindikali. Kwa kuwa harufu ya samaki hutokana hasa na kemikali zenye tabia ya alkali, yaani kinyume cha tindikali, tindikali huzigeuza kuwa chumvi zisizoruka hewani. Ndiyo maana ubao wa kukatia migebuka, ukisuguliwa kwa nusu ya ndimu na chumvi kidogo, ukaachwa dakika 10 kisha ukasuuzwa, harufu yake hupungua sana. Ndimu huondoa pia ukoko mweupe wa chokaa ndani ya birika, na siki hufanya kazi hiyo hiyo.

Kwa mawese, hata hivyo, ndimu haifui dafu. Magadi ni alkali: yakiyeyushwa katika maji ya moto hulegeza mafuta, na hugeuza sehemu ya mafuta hayo kuwa sabuni. Kwa meza yenye utando wa mawese ningechagua magadi bila kusita, ila kamwe si kwa sufuria za alumini, ambazo huliwa na kuwa nyeusi.

Kuchanganya ndimu na magadi hakufai, kwani povu huvutia macho huku kila kimoja kikiua nguvu ya mwenzake. Ndimu au siki isikutanishwe kabisa na dawa ya klorini ya kufulia, kwa sababu hutoa gesi yenye sumu inayodhuru mapafu.