OXSA darasani Moshi: programu inayofundisha kusoma nishati ya msuli

Mashine ya MRI ya hospitali kwa kawaida huandaliwa kusikiliza haidrojeni peke yake. Katika sumaku ya tesla 3, haidrojeni huitikia kwenye megahezi 127.7 hivi ilhali fosforasi huitikia kwenye 51.7, na kwa hiyo fosforasi huhitaji koili na kipaza nguvu vyake. Kwa sisi tunaofundisha fiziolojia hapa Moshi, njia iliyo karibu zaidi ya kumwonyesha mwanafunzi fosfokreatini na ATP, molekuli zenye fosforasi zinazobeba nishati ya msuli, za mtu aliye hai ni kumpa spektra (mchoro unaoonyesha molekuli kama vilele) na programu ya kuichambua. OXSA, iliyochapishwa na watafiti wa Oxford mwaka 2017 ikiwa na msimbo ulio wazi, imetufaa sana kwa kazi hiyo.

Kiini chake ni AMARES, njia ya hesabu iliyotolewa mwaka 1997, ambayo humtaka mtumiaji atangulize anachokijua kuhusu molekuli: kwamba fosfokreatini ni kilele kimoja, kwamba kati ya fosfati tatu za ATP, ile ya gama na ile ya alfa kila moja ina vilele viwili vinavyolingana, na kwamba ile ya beta ina vitatu, cha kati kikiwa maradufu ya vya pembeni. Hapa ndipo thamani yake kubwa ilipo. Tulipoongeza kelele katika spektra ya kuigiza na kuyaondoa masharti hayo, beta ilitangatanga; tulipoyarudisha ilitulia, na wanafunzi wakaona kwa macho yao kwamba kipimo hutegemea pia ujuzi wa kemia. Programu hutoa pia mipaka ya Cramér-Rao, hivyo kila namba huja na kiasi cha mashaka yake.

Somo la asidi nalo hueleweka vizuri. Kilele cha fosfati huru husogea kuelekea fosfokreatini msuli unapopata asidi: kwenye pH 7.0 umbali kati yao ni takriban 4.8 ppm (sehemu kwa milioni, kipimo cha nafasi za vilele), na kwenye pH 6.5 hupungua hadi 4.1 hivi. Mwaka 1981 watafiti wa Oxford walitumia fosforasi kumchunguza mgonjwa aliyeshukiwa kuwa na ugonjwa wa McArdle, ambao huufanya msuli ushindwe kuvunja glikojeni yake, wakakuta msuli wake haupati asidi kwa mazoezi kama ilivyotarajiwa. Katika mji wenye Kilimanjaro Marathon, swali la namna fosfokreatini inavyorudi baada ya mazoezi, kazi ambayo mitokondria za mtu mwenye afya huifanya kwa kiwango kikubwa ndani ya nusu dakika hivi, huulizwa bila kuchokozwa.

OXSA yenyewe haitozwi, lakini huendeshwa ndani ya programu ya hesabu ya MATLAB, ambayo leseni yake hulipiwa. Chuo kiulizie leseni kwanza. Isidhaniwe pia kwamba eneo la kilele ni kiasi halisi cha molekuli. Fosfokreatini huchelewa kurudi katika utulivu kuliko ATP, kwa hiyo vipimo vinapofuatana haraka mawimbi yake hupungua zaidi, na uwiano usiposahihishwa hupotosha.

Kwa anayeanza, ningempa spektra ya msuli wa paja uliopumzika. Moyo uahirishwe, kwa kuwa damu iliyomo vyumbani mwake huongeza ATP yake yenyewe pamoja na 2,3-DPG, molekuli yenye fosfati iliyomo katika seli nyekundu, ambayo vilele vyake huifunika fosfati huru tunayoitafuta.