TIME Corpus: nilivyofukua neno "tycoon" na kwa nini nawashauri watafsiri wenzangu muijaribu

Kazi yangu ni kutafsiri habari, na neno lililonisumbua miaka ni hili la Kiingereza "tycoon", yule mfanyabiashara mkubwa mwenye mali na nguvu. Kila likija naandika bwanyenye, kama wanavyoandika Taifa Leo, gazeti la Kenya, lakini roho haitulii, maana mzee wangu alikulia Tanzania ya Ujamaa na kwake bwanyenye ni tusi, ni mnyonyaji, huwezi kumwita mtu hivyo halafu ukaendelea kumsifu. Nikalipia apu fulani ya kamusi, nikaletewa neno moja tu, "tajiri", basi, hela imeenda. Ndo mwenzangu wa kazini akanielekeza kwa TIME Corpus.

Hii ni ghala la makala za jarida la TIME la Marekani kuanzia 1923 hadi 2006, maneno kama milioni 100, aliyeitengeneza ni Mark Davies, aliyekuwa mwanaisimu wa Brigham Young University kule Utah. Ni bure, unajisajili tu kwa imeili, na kuna kiwango cha kutafuta kwa siku. Unaandika neno lako unapangiwa muongo kwa muongo, ukibonyeza muongo unaoutaka zinakuja sentensi zenyewe, neno liko katikati na majirani zake kushoto na kulia. Hapo kwenye majirani ndo nilipokesha.

Asili yake ni Kijapani, taikun, yaani bwana mkubwa, jina alilotajwa nalo shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, mbele ya wageni, likavuka bahari miaka ya 1850 enzi za Perry, yule kamanda wa meli za kivita za Marekani aliyetumwa Japani, na vijana wa ofisini kwa Rais Lincoln wa Marekani kama John Hay wakawa wanamwita bosi wao hivyo. Waliolitia mfukoni mwa wafanyabiashara na kulieneza ni TIME, jarida lililoanzishwa Machi 1923 na Henry Luce na Briton Hadden, vijana waliotoka Chuo Kikuu cha Yale, mmoja miaka 24 mwingine 25. Hadden alikuwa amezama kwenye Iliad ya Homer, utenzi wa Wagiriki wa kale, zile sifa za kubandikwa kila anapotajwa shujaa, na mtindo huo akauhamishia kwenye habari, mtu asitajwe kwa jina tupu. (Alifariki 1929 na miaka 31 tu, inasikitisha sana ukifikiria mkono wake ulivyobaki kwenye lugha ya magazeti.)

Sasa ukizisoma zile sentensi nyingi kwa mpigo unaona kitu ambacho kamusi haikupi. Neno linakaa mbele ya jina kama cheo, vile sisi tunasema Daktari fulani, Jaji fulani, na kabla yake kuna biashara yake, mafuta, meli, magazeti. Si tusi na si sifa pia, ni kofia amevishwa mtu kabla hajafungua mdomo, na msomaji ameshajua amtazame vipi. Nilipoelewa hilo nikajua shida yangu haikuwa maana ya neno, shida ilikuwa wapi naliweka na nani anasoma. Siku hizi nikiandikia Wakenya naacha "bwanyenye wa meli" bila wasiwasi, nikiandikia Watanzania naweka "tajiri mkubwa wa meli", na mzee amekubali.

Ila muwe makini, hili ni jarida moja na wahariri wake walikuwa na mtindo wao mkali, kwa hiyo usiseme Wamarekani walizungumza hivi, sema TIME waliandika hivi. Na imeishia 2006, ukitaka neno la juzi tafuta kwingine. Pia unapata vipande vya sentensi, si makala nzima ya kusoma na chai.

Kwa mwenye kazi kama yangu naipa nne kwa tano na ningerudi kesho. Kinachoniuma ni kwamba Mambo Leo, gazeti la Kiswahili la enzi za ukoloni, nalo lilianza Dar es Salaam mwaka huohuo wa 1923, na mimi natamani sana siku moja niandike "tajiri" kwenye kisanduku kama kile nione watu wa Mambo Leo walimwita nani tajiri, na waliweka neno gani pembeni yake. Hiyo hata ya kulipia nitalipia.