Kununua nyumba iliyokwisha kukaliwa, Kira: dalali, wakili na kavera la funguo

Wakili wetu nampa nyota nne. Dalali nampa mbili, na hizo ni kwa sababu nyumba aliipata yeye.

Tulinunua nyumba ya vyumba vinne Kira, wilaya ya Wakiso, Uganda, kwa mzee mstaafu aliyekuwa anarudi kijijini kwao. Nyumba mpya sikuitaka. Hii ya kukaliwa nyufa zake zimeshajitokeza, majirani wanaijua, na ukienda kuitazama Aprili mvua ikinyesha unaona maji yanapita wapi.

Karatasi sitazieleza sana. Ardhi ni ya mailo, yaani ya umiliki wa kudumu wenye hati, ambayo mtu mwingine anaweza kuwa na haki ya kukaa juu yake, kwa hiyo wakili alianzia ofisi ya ardhi ya kanda kuhakikisha jina kwenye hati ni la muuzaji na hakuna kaveti, yaani zuio la kuihamisha, kisha akaulizia mtaani kama kuna mwenye kibanja, yaani huyo mwenye haki ya kukaa, maana hati safi haimwondoi mwenye kibanja. Mpima akafukua mawe ya mipaka. Mke wa mzee akatia sahihi ya ridhaa. Sheria ya Ardhi ya 1998 inadai hivyo kwa nyumba ya familia. Ushuru wa stempu ni asilimia 1.5 ya thamani, na thamani anaikadiria mthamini wa serikali, wala si bei mliyopatana. Wekeni akiba.

Sasa siku ya funguo. Dalali alitaka tumalize malipo yote kwanza. Wakili akagoma: kwenye mkataba alikuwa ameacha sehemu ya mwisho ya bei hadi nyumba iwe tupu na madeni yawe yamelipwa. Dalali akanuna, kwani kamisheni yake nayo ilikuwa inangoja fedha hizo hizo.

Tulipofika, nyumba kubwa ilikuwa tupu na imedekiwa vizuri. Boizi kota, vile vyumba vya watumishi uani, ilikuwa na kijana, godoro, na sufuria jikoni.

"Huyo ni mtu mzuri, Mama, mtaelewana," dalali akaniambia.

"Mzuri sawa. Kodi anamlipa nani?"

Mzee aliona haya, akakiri kwamba kijana alishamlipa hadi mwisho wa mwezi. Wakili akaandika makubaliano palepale: kijana akae hadi siku hiyo, halafu aondoke. Mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, akagonga muhuri. Deni la maji likakatwa kwenye salio. Kwenye mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, tulinunua umeme kidogo kuona kama tokeni inaingia, ikaingia. Hapo ndipo salio likatoka mikononi mwetu.

Funguo zenyewe zilikuwa ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki, rundo zima bila alama. Dalali alikuwa ameshapanda boda kwenda zake. Mke wa mzee ndiye aliyenizungusha mlango kwa mlango. "Huu wa stoo ukikataa, nyanyua mlango kidogo, mwanangu." Akanionyesha na koki ya tangi la juu, iliyofichwa nyuma ya migomba, mahali ambapo nisingepawaza. Vitasa vya nje tulivibadilisha jioni ileile hata hivyo. Funguo ngapi zimebaki kwa mafundi na wajukuu, nani ajuaye?

Nyota aliyoikosa wakili ni ya simu: malipo yakikaribia anapiga yeye, yakipita hapokei. Hati ya jina letu bado iko ofisi ya ardhi. Ikitoka, huenda nikamwongezea.