Feni inazunguka, skrini giza: taa nne zilizoniokoa

Haya wadau, sikilizeni hiki kipande, nimekirekodi juzi usiku. Mnasikia feni? Inazunguka vizuri tu. Skrini? Giza totoro.

Kisa ni prosesa. Nimetoa Ryzen 5 2600, nikaweka 5600. Soketi ileile ya AM4, imekaa kama pete na kidole. Kumbe mazabodi yangu, yaani bodi kuu, ina BIOS ya kale, ile programu ya ndani ya bodi inayowasha mashine; prosesa ya mwaka 2022 itaijulia wapi? Fundi akanambia bodi imekufa. Haijafa! Ila nimenunua nyingine, maana ile haina kitu ninachotaka mkione leo.

Ndiyo hii, MSI B450 Tomahawk Max. Mtumba, laki mbili kasoro kidogo. Mambo ya sloti na chipseti mnayajua, tusipotezeane muda.

Tazameni hapa pembeni. Taa nne: CPU ni prosesa, DRAM ni RAM, VGA ni kadi ya grafiki, BOOT ni diski ya kuwashia. Ukiwasha, zinapita moja baada ya nyingine. Inayoganda, hapo ndipo penye mchawi. Ngoja nichomoe RAM zote... nawasha... DRAM hiyo, imeganda! Nazima, narudisha RAM, sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, nakandamiza mpaka ilie "ta!" Nawasha tena. Imepita. Yaani ningeweza kucheza na hizi taa mchana kutwa. Bodi za bei mbaya zinakutolea namba, unaanza kupekua kitabu kutafuta maana yake. Hapa jina limeandikwa kabisa. Ingawa herufi zenyewe, jamani, kama mayai ya chawa! Nimemulika na tochi ya simu.

Sasa na hii nayo ilikuja na BIOS ya zamani, taa ya CPU ikaganda. Geuza nyuma: kitufe hiki, Flash BIOS. Unachukua flashi, unaiformati kwa mfumo wa FAT32, unaweka faili la BIOS kutoka tovuti ya MSI, unalibadilisha jina liwe MSI.ROM. Chomeka kwenye tundu lenye alama, bonyeza. Prosesa si lazima hata iwepo, inataka umeme wa pawasaplai tu. Taa itapepesa kama dakika tano. Usiguse kitu! Na kabla ya yote angalia LUKU, uniti zikiisha katikati hapo utalia. Mimi niliazima UPS ya jirani.

Mnaoniuliza mbona sihamii soketi mpya ya AM5: huko nanunua bodi, prosesa na RAM za DDR5, vyote kwa mpigo, na hela ya chaneli hii mnaijua wenyewe. Subskraibuni basi. Ile video ya laptopu za mtumba mliyoniomba inakuja Ijumaa.

Enhe, nilisahau. BIOS imeingia, taa zote nne zimepita, skrini bado giza! Nikachomoa RAM, nikachomoa diski, nikatoa mpaka betri ya BIOS. Saa kumi na moja alfajiri mke wangu kaja na chai, kainama nyuma ya mashine, kaniuliza, "Baba, mbona huu waya umechomeka huku juu?" HDMI nimeichomeka kwenye mazabodi, na 5600 haina grafiki ndani, mwenye nayo ni 5600G. Kadi yangu ya grafiki ipo hapo chini, tundu lake la HDMI tupu.

Taa ya hilo MSI hawajaiweka.