Kadi za maswali kuhusu wanamageuzi wa dini na watetezi wa haki: maswali mazuri, majibu ya kuangaliwa

Kisanduku hiki cha kadi, kinachouzwa kwa shilingi elfu kumi na mbili katika duka moja la vifaa vya skuli hapa Darajani, Unguja, kimekusudiwa wanafunzi wa sekondari, ingawa mwezi wa Ramadhani nimekiona kikizungushwa barazani baina ya alasiri na magharibi, na waliokuwa wakibishana zaidi ni wazee. Kila kadi ina swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Maswali ni yale hasa ambayo watu huulizana, na thamani yake huonekana pale jibu linapoeleza sababu ya jambo badala ya kutaja mwaka na kunyamaza.

Chukua swali la kwa nini mtawa wa Kijerumani wa karne ya 16 na mchungaji wa Kimarekani wa karne ya 20 wana jina moja, hata baadhi ya wanafunzi hudhani ni mtu mmoja. Kadi inaeleza kwamba Martin Luther King alizaliwa Atlanta mwaka 1929 akiitwa Michael, kama baba yake, na kwamba baba huyo, baada ya safari ya Ujerumani mwaka 1934, alibadilisha jina lake na la mwanawe kwa kumuenzi mtawa huyo, Martin Luther. Kadi ya Rosa Parks, mwanamke mweusi wa mji wa Montgomery, Marekani, ni bora zaidi. Inasahihisha dhana kwamba alikalia kiti cha Wazungu ndani ya basi: alikuwa katika safu za kati, ambazo watu weusi waliruhusiwa kukaa mpaka viti vya mbele vijae, na tarehe 1 Desemba 1955 alipoamriwa kumpisha abiria Mzungu, alikataa. Hata Claudette Colvin, msichana wa miaka 15 aliyekamatwa kwa kosa kama hilo huko huko Montgomery mwezi wa Machi mwaka ule, hakusahauliwa.

Kinachoudhi ni kwamba kadi inayofuata inadai mgomo wa mabasi, yaani watu weusi wa Montgomery kususia kupanda mabasi baada ya Parks kukamatwa, ulimalizika kwa sababu kampuni ilipata hasara ikasalimu amri. Hasara ilikuwepo, lakini kilichokata mzizi wa fitina ni uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa Novemba 1956 uliobatilisha ubaguzi katika mabasi hayo, na mgomo ukasitishwa mwezi uliofuata baada ya siku 381. Kadi ya Luther nayo inasimulia kwa yakini kwamba alizipigilia hoja zake 95 kwenye mlango wa kanisa la Wittenberg, jambo ambalo wanahistoria hawakubaliani. Lililo thabiti ni kwamba tarehe 31 Oktoba 1517 alimpelekea Askofu Mkuu wa Mainz barua, pamoja na hoja hizo, kulalamikia uuzaji wa vyeti vya msamaha wa adhabu za dhambi.

Lawama yangu kubwa, hata hivyo, ni kwamba kisanduku kinachouzwa Unguja kimeisahau Unguja. Kadi ya Malcolm X, Muislamu mtetezi wa haki za watu weusi Marekani, inataja hija yake ya mwaka 1964 na kuuawa kwake Februari 1965, lakini haisemi kwamba Desemba 1964 Abdulrahman Muhammad Babu, mwanasiasa wa hapa hapa, alihutubia naye mkutano mmoja huko New York. Luther anasifiwa, na anastahiki, kwa kuifasiri Biblia katika lugha ya watu wake. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja, aliyeifasiri Qurani kwa Kiswahili na kupinga waziwazi mambo aliyoyaona kuwa ni bidaa, yaani uzushi katika dini, hana hata kadi moja.

Kuhusu uchapaji, herufi zinasomeka, ila karatasi ni nyepesi mno: ukiinua kadi kwenye taa, jibu la nyuma linaonekana, na vijana wameshaujua mchezo huo. Mwanafunzi wa msingi zitamwelemea. Wa kidato cha pili kwenda juu zinamfaa, mradi mwalimu aisahihishe kwa kalamu kadi ya mgomo wa Montgomery kabla ya kuzigawa.