random.choices ya Python kwa zawadi za dukani: nzuri, ila haijui kilichobaki stoo

Kama duka la Mwanjelwa linataka mteja abonyeze kitufe aone amepata nini, anza na random.choices, amri ya kuchagua kwa bahati nasibu. Imo ndani ya Python (lugha ya kuandikia programu) tangu toleo la 3.6, huhitaji kusakinisha kitu, na mstari mmoja unatosha:

random.choices(["hakuna", "chai", "mchele", "gunia"], weights=[70, 20, 9, 1])[0]

Chai ni pakiti ya Rungwe, mchele ni kilo 5 za Kyela, gunia ni la viazi. Namba za weights ni uzito, yaani ukubwa wa nafasi ya kila zawadi kwa mpangilio huohuo. Si lazima jumla ya uzito ifike 100. Kinachohesabiwa ni uwiano. Kwa ndani inajumlisha kwa mfuatano (70, 90, 99, 100), inatoa namba nasibu chini ya 100, kisha inatazama imeangukia wapi. Ikitoka 93.4, imevuka 90 na haijafika 99, basi ni mchele. Ile [0] usiiache: jibu hurudi kama orodha hata likiwa moja, na ukililinganisha na "gunia" bila kulitoa humo, hakuna atakayeshinda kamwe.

Wenye maduka hulalamika hasa kuhusu ile 1 ya gunia. Watu 100 wakibonyeza, kuna uwezekano wa karibu asilimia 37 gunia lisitoke kabisa, na pia linaweza kutoka mara tatu. Hiyo si hitilafu. Kila mzunguko unajitegemea, wala programu haikumbuki magunia mangapi yameshachukuliwa. Hesabu ya stoo iweke wewe, na zawadi ikiisha shusha uzito wake hadi 0. Uzito wote ukiwa 0, kuanzia toleo la 3.9 unapata ValueError (programu inasimama na kutoa kosa). Uzito hasi ndio wa kuogopa, kwa sababu mmoja ukijipenyeza hupita kimya na kuvuruga matokeo.

Kuchagua washindi watatu tofauti kwa kuponi, hapana, haifai: jina moja linaweza kurudi mara mbili. Hapo mpe kila mteja alama ya random.random() ** (1/kuponi), ambapo ** ni kipeo na kuponi ni idadi ya kuponi zake, panga, chukua watatu wa juu. Mwenye kuponi nyingi anabaki na nafasi kubwa, na hakuna anayejirudia.

Zawadi ikiwa ya pesa nyingi, tumia random.SystemRandom().choices. Vigezo ni vilevile, ila namba zake hutoka kwenye mfumo endeshi, kwa hiyo mjanja hawezi kuzikisia kwa kufuatilia matokeo yaliyopita.